Dole Gumba la Kushoto

Taveta,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Selpher binti Andati, dada yangu wa ukuta mmoja,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umeketi, kwa maana barua hii ni ndefu na magoti yetu si yale ya kuruka kamba tena. Habari za afya? Wakiuru aliniambia kwamba sukari inakusumbua na kwamba umeachana na chai ya maziwa, jambo ambalo nisingelisadiki kama lingesemwa na mtu mwingine asiyekuwa dada yangu wa tumbo moja. Vipi Wekulo na goti lake? Wajukuu je? Huku Taveta mvua imetukumbuka. Mimi nipo. Jicho lililobaki linaona vizuri asubuhi, ndiyo sababu nakuandikia asubuhi. Bado nakaa katika chumba kile kile nyuma ya shule ambako nilifundisha kisomo cha watu wazima mpaka nikastaafu, na majirani wananiita Mwalimu, na wengi wao hawajui kwamba niliwahi kuishi mahali pengine.

Wakiuru alinipa nambari yako ya simu. Nimeipiga mara kadhaa nikakata kabla hujaitika. Kama uliona nambari ngeni ikikusumbua, ni mimi, naomba radhi. Kuna maneno ambayo ulimi wangu huyakimbia. Mkono ukishashika kalamu hauna pa kukimbilia.

Nianze na mazishi ya Mama. Unajua sikufika. Lakini wewe ulifika, ulitoka Mumias mpaka Kangema na miguu yako iliyovimba, na Wakiuru alinisimulia yaliyotokea. Alisema watu walipokuwa wakitupa udongo, ulipiga magoti kando ya kaburi ukasema kwa sauti, mbele ya wachungaji na wakwe na kila mtu, "Mama Thuo, nisamehe, nilikosea." Alisema mama mmoja aliyekuwa jirani yetu mtaani Jericho alifyonya, akauliza wenzake kama mtu huhitaji miaka arobaini kujua kwamba amekosea. Wakiuru ndiye aliyekuinua, na alisema ulikuwa mwepesi kama debe tupu.

Selpher, magoti yako ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Niruhusu niyapange mambo kama yanavyojulikana na watu, kisha nitakuja kwa yale yasiyojulikana. Yale ya kwanza unayajua, lakini naomba uyasome tena, kwa sababu nataka uone kwamba sijasahau hata moja.

Tulizaliwa katika nyumba za kaunsili ya jiji mtaani Jericho, familia yenu upande huu wa ukuta na yetu upande ule, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hivi kwamba baba yako akipiga chafya upande wenu, baba yangu alimwombea afya upande wetu. Mama yako alipolazwa hospitali wakati wa kumzaa Wekulo, wewe ulilala kwetu, ukala uji katika bakuli langu, na Mama akazoea kukuita msichana wake wa kwanza. Ulipoajiriwa benki, pale tawini karibu na soko, Mama alicheza ngoma peke yake kwenye kichochoro akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa akikutania kwamba mtoto wa Kiluhya aliyeshiba ugali hawezi kukaa siku nzima dirishani bila kusinzia, nawe ulimjibu kwamba Wakikuyu hawasinzii benki kwa sababu wanalinda senti zao hata usingizini.

Siku hizo mtu wa dirishani ndiye aliyekuwa kila kitu. Wewe ndiye uliyefungua akaunti, wewe ndiye uliyeitunza. Mama zetu wengi hawakuwa na kitambulisho, hicho kilikuwa kitu cha wanaume, kwa hiyo mwanamke wa sokoni alipotaka kufungua akaunti ilibidi aje na mtu aliyejulikana na benki, aseme, ndiyo, huyu namfahamu, ni fulani wa mahali fulani. Uliandika jina, kwao, na alama iliyo mwilini, kovu au baka au sikio lililochanika. Kisha ulimshika mkono wa kulia, ukalipaka dole gumba wino, ukalibonyeza kwenye kadi kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Halafu ulilipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Akina mama walipenda mpanguso huo. Hakuna mtu mwingine aliyewashika mikono kwa upole namna ile kuanzia alfajiri mpaka usiku. Na walipokuja tena uliwasomea vitabu vyao vya akiba kwa sauti ya chini, ili aliye nyuma asisikie.

Kisha ikaja habari ya Nthoki.

Nthoki alikuwa akiuza vyondo, vikapu vile vya mkonge, na pojo kule Kariobangi. Alikuja dirishani kwako akifuatana na mumewe, aliyekuwa amevaa koti zito jua likiwaka. Nthoki alibonyeza dole, ukamlipa, hakuinua macho. Kesho yake walimkuta kwenye mtaro nyuma ya gereji za Kariobangi, kichwa kimepasuliwa kwa panga, na chondo kimoja kimefunikwa juu ya uso wake, kana kwamba aliyemuua hakupenda kutazamwa. Panga lilikuwa ndani ya lile koti. Lilikuwa ndani ya koti wakati ulipokuwa ukimpangusa wino. Mama alisikia kupitia ukutani ukitapika jioni hiyo, na mama yako akikuambia kwamba wewe ni karani tu, huwezi kuona kupitia nguo za watu.

Lakini wewe hukukubali. Kuanzia wakati huo, kila mwanamke wa dole gumba alipokuja, ulimwambia neno moja wakati wa kumpangusa. Ulimwambia kwamba dole lake la benki ni la kulia, na kwamba siku atakayoletwa pale kwa nguvu, asilie, asiseme kitu, akupe la kushoto, nawe utajua la kufanya. Hukumwambia meneja. Hukuwaambia makarani wenzako, kwa sababu mmoja wao alikuwa akinywa pombe na nusu ya waume wa hao wanawake. Ilikuwa siri yako na yao, na nasikia zaidi ya mmoja aliokoka kwa njia hiyo bila kelele yoyote. Ulikuwa ukimwambia mume kwamba mashine imekwama au meneja ametoka na funguo, arudi kesho, na mke akapata siku moja ya kukimbilia kwao. Hakuna aliyekushukuru ofisini, kwa kuwa hakuna aliyejua.

Halafu ikaja siku yangu na Mama.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wamejaa mpaka mlangoni. Mimi na Mama tulifika dirishani kwako, ukatusalimu, ukaniuliza mbona siku hizi nimekuwa adimu kama sukari ya magendo. Mama alisema anataka kutoa akiba yake yote na kufunga akaunti. Ulimwekea kibweta cha wino. Alibonyeza. Ukaitazama alama, ukaitazama kadi, ukamtazama Mama. Kisha ukacheka, Selpher, nakumbuka kicheko hicho, ukasema wino huu wa leo ni wa bure kabisa, umekauka, ngoja nikalete mwingine. Ukaingia ndani.

Aliyetoka hakuwa wewe. Alikuwa Jimale, bawabu, na rungu lake kwapani. Aliniambia kwa adabu, "Kijana, njoo kando kidogo, tuzungumze." Nilimsukuma kifuani. Nilimvuta Mama kwa mkono tukatoka mbio, na mtu mmoja kwenye foleni, ambaye mpaka leo sijui ni nani, akapiga kelele ya neno lile ambalo mitaa yote ya Eastlands hulisikia hata ikiwa usingizini. Mwizi.

Unalijua neno hilo. Huliulizi maswali.

Maseremala walitoka na mbao. Mpiga viatu rangi alitoka na sanduku lake. Mtu niliyekuwa nikinunua kwake sigara moja moja alinipiga kwa mnyororo wa baiskeli, na mnyororo huo ndio uliolichukua jicho. Nilianguka karibu na mkokoteni, mtu akaliondoa jiwe lililokuwa likizuia gurudumu, nikaliona likipanda juu, na mkokoteni ukaanza kuteremka wenyewe, nami nikawaza, mtu aukamate huo, utamwumiza mtoto. Ndilo wazo la mwisho nililokuwa nalo kwa muda mrefu. Taya lilivunjika, mbavu zilivunjika, mkono huu wa kushoto haunyooki mpaka leo. Niliambiwa baadaye kwamba Mama alinilalia juu, akipiga mayowe kwamba ni wake, ni mwanawe, wamuue yeye kwanza, na kwamba kuna waliokubali ombi hilo, wakaendelea kupiga. Niliambiwa kwamba Jimale, ambaye alikuja kunikamata, ndiye aliyesimama juu yetu sisi wawili akizungusha rungu na kuwatukana watu kwa Kisomali, na kwamba wewe ulitoka na kiatu kimoja mguuni, wino mikononi, ukajitupa juu ya Mama. Jiwe moja lilikupasua paji la uso. Wakiuru anasema kovu bado lipo.

Ndipo Mama akazungumza. Polisi walikuja, mabwana wa benki kutoka makao makuu walikuja na tai zao, na Mama alikaa pembeni ya kitanda changu wodini akauinua mkono wake wa kulia uliofungwa kitambaa. Alisema jioni ya kuamkia siku ile, akipanga vitu vyake sokoni, jiwe la mizani la kilo mbili lilimwangukia likamponda dole gumba. Alikifungua kitambaa akawaonyesha. Lilikuwa limepasuka, ukucha umeng'oka, limevimba jeusi kama zambarau. Akawauliza, sasa ningebonyeza kwa nini, kwa pua? Alisema mwanawe alikuwa amemsindikiza tu, kwa sababu alikuwa na maumivu na aliogopa wezi. Alisema binti wa Andati ana kanuni zake mwenyewe ambazo benki haizijui, na kwa kanuni hizo amemuulia mtoto nusu.

Mabwana wale walikuuliza kama ni kweli una kanuni zako. Ulisema ni kweli. Walikuuliza nani alikuruhusu. Ulisema Nthoki. Hawakujua Nthoki ni nani. Wakakufukuza kazi mwezi huo huo, na akina mama wote wa dole gumba wakaambiwa kwamba alama ya kidole ni alama ya kidole, haina lugha.

Kisha kuna jambo la Wekulo, na hapa naandika polepole.

Vijana wa mtaa wetu, wale niliokuwa nikipiga nao ndondi pale ukumbini, walivunja mlango wenu. Walimtoa Wekulo nje akiwa na fulana tu, wakamlaza kwenye kichochoro kile kile ambamo Mama alicheza ngoma, wakalivunja goti lake kwa chuma cha kunyanyulia uzito. Baba yako aliwasihi akiwaita kwa majina yao, maana aliwajua wote, aliwaona wakizaliwa. Walinijia wodini siku iliyofuata wakiwa na machungwa. Mmoja wao, mfupi yule tuliyemwita Stima, aliniambia, "Tumewanyoosha, msee. Yule brathe yake ndiyo basi, boli atacheza na mdomo." Akaigiza jinsi Wekulo, mchezaji wa mpira wa mtaa wetu, alivyoruka kwa mguu mmoja.

Nilicheka, Selpher. Taya limefungwa nyaya, sauti haitoki, lakini nilicheka mpaka mbavu zikaniadhibu.

Baada ya hapo mkafunga virago mkarudi Mumias, baba yako akaacha nyumba aliyoilipia kodi maisha yake yote ya kazi ya reli. Nami nilipoweza kutembea nilipanda gari la moshi mpaka Voi, nikaja huku, nikabaki. Watu wa Jericho walisema nimeona haya kwa sababu ya uso wangu. Kila mara Mama alipokutana nawe, kwenye harusi, kwenye matanga ya jirani wa zamani, ulimwendea na mkono umenyooshwa, naye alivuka upande wa pili wa barabara. Wakiuru alinihesabia visa hivyo kwa uchungu. Alidhani Mama hajakusamehe. Watu wote walidhani hivyo. Na wewe ukabeba mzigo huo mpaka ukapiga nao magoti Kangema.

Haya ndiyo yanayojulikana. Sasa vaa miwani yako vizuri.

Hukukosea.

Nilikuwa nimefukuzwa kiwanda cha rangi kule Baba Dogo kwa kumpiga msimamizi, na nilikuwa nimeificha habari hiyo. Siku moja nikitafuta majani ya chai nilikiona kitabu cha akiba cha Mama ndani ya mkebe. Sikujua kwamba alikuwa na akaunti. Sikujua kwamba baba yako ndiye aliyekwenda naye benki kumjulisha. Nilihisi nimevuliwa nguo. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa nyumba ile tangu Baba afariki, mimi ndiye niliyesoma mpaka kidato cha nne, jina lenyewe aliloitwa Mama mtaani lilikuwa langu, na jirani alijua siri ya nyumba yangu kabla yangu. Nilimwambia anipe hela hizo nianzishe biashara. Akaniambia ni za kiwanja, kwamba amechoka kuishi katika nyumba ya kaunsili yenye jina la marehemu, anataka mlango wake ambapo hakuna mtu atakayemfukuza. Alisema kwa upole. Nilimpiga.

Nilimpiga kwa mkanda wa Baba, ule mpana wa ngozi, uliokuwa bado umening'inia kwenye msumari. Nilimpiga mgongoni na mapajani, mahali ambapo nguo hufunika, kwa sababu ndivyo Baba alivyokuwa akimpiga na ndivyo nilivyojifunza nikiwa mdogo nikitazama kupitia tundu la blanketi. Wakiuru alikuwa shule ya bweni. Nilifungulia redio ili nyinyi msisikie. Nilifanya hivyo wiki nzima, na siku ya mwisho nilimwambia kwamba asiponifuata benki, nitamsubiri Wakiuru aje likizo, nianze naye. Hapo ndipo alipochukua leso yake akasema twende.

Hilo la kumlazimisha pengine ulilishuku. Sikiliza la dole.

Kutoka mlangoni kwetu mpaka dirishani kwako nilikuwa nimemshika mkono wa kulia. Niliushika jinsi unavyomshika mtu unayeogopa atakimbia, vidole vyangu katikati ya vyake, na njia nzima nilihisi dole gumba lake likinikandamiza kiganja. Lilikuwa na nguvu. Lilikuwa dole la mwanamke aliyebeba magunia, na lilikandamiza vile vile lilivyokuwa likikandamiza nilipokuwa mtoto akinivusha barabara. Halikuwa na jeraha. Halikuwa na kitambaa. Tulipofika kwako niliuachia mkono huo ili abonyeze. Akaushusha, akauficha ndani ya leso, akakunyooshea ule wa kushoto. Nilidhani ni woga umemchanganya. Sikujali. Kwangu mimi kidole kilikuwa kidole.

Alikuita, Selpher. Alikuwa na mkono mzima wa kulia na akauficha, akakuita kwa ule wa kushoto, na wewe ukaitika.

Alipokuja wodini na mkono umefungwa, niliutazama mkono, kisha nikamtazama usoni kwa jicho moja. Naye akanitazama. Polisi walikuwa wamesimama hapo hapo.

Alinieleza mara moja tu, miaka mingi baadaye, alipokuja kunitembelea Taveta. Tulikuwa tukimenya ndizi. Alisema siku ile ya kipigo alipotoka hospitali alikuwa ameambiwa kwamba wanangoja nipate fahamu wanishitaki. Alirudi nyumbani, akaliweka dole gumba la kulia juu ya kizingiti cha mlango, akaishika kwa mkono wa kushoto kilo mbili ya mizani yake. Mara ya kwanza mkono wa kulia ulikimbia wenyewe, chuma kikapiga saruji. Ndipo akaukandamiza mkono kwa goti, akauma leso, akapiga tena. Na tena, kwa sababu alihofu kwamba kidonda kidogo kisingetosha kwa watu wenye tai. Alisimulia hayo huku akiendelea kumenya, na dole lile lisilo na ukucha likishikilia kisu kwa ubavu.

Nilimuuliza kwa nini aliniokoa. Alinijibu kwamba aliomba msaada nipate kuzuiwa, hakuomba niuawe. Alisema alipoona lile jiwe la mkokoteni likipanda, alikuwa tayari kutoa dole lolote la mtu yeyote, lake au lako.

Nilimuuliza basi kwa nini hakusalimii. Nilidhani atasema ni aibu. Akasema, "Nikimsalimu nitasema. Yule mtoto nilimwita akaja, yeye peke yake. Nikimshika mkono tu, nitasema yote, na wewe watakuja kukuchukua." Kwa hiyo alivuka barabara. Miaka yote ile hakuwa anakukimbia kwa chuki. Alikuwa akiukimbia mpanguso wa kitambaa chako.

Sitakudanganya kwamba aliniapisha. Hakuniapisha. Ningeweza kusema tangu wodini, pale Stima alipoleta machungwa. Ningeweza kusema baba yako akiwa hai. Kila mwaka nilijiambia kwamba namlinda Mama asiitwe mwongo, na kila mwaka nilijua ninayemlinda ni nani. Zile hela nilizozitaka kwa mkanda nilizipata zote, zilikwenda kulipia mifupa yangu. Mama hakupata kiwanja. Alifia katika chumba cha kupanga.

Kazi niliyoifanya huku ilikuwa kuwafundisha wanawake watu wazima kuandika majina yao. Watu hunisifu kwa kazi hiyo. Nilipokuwa nikiwashika mkono kuwaongoza kalamu, nilihisi dole gumba la kila mmoja wao, na sikuwahi kuwa na siku moja ya kazi iliyokuwa ya amani.

Sasa nimefanya haya. Nimempigia Wakiuru nikamwambia yote. Alikata simu, na mpaka leo hajaniitikia. Nimewaandikia wazee wa kanisa lile la Jericho, nimeomba barua isomwe Jumapili mbele ya wote, yule mama aliyefyonya akiwepo. Na baada ya mavuno nitapanda basi nije Mumias. Sitaki kukaribishwa. Nitakaa kwenye benchi lolote lililo nje ya duka, na Wekulo akitaka kuja na fimbo yake aje, sitainua mkono. Mwambie hivyo kwa maneno haya haya. Ukiona heri nisije kabisa, nitumie ujumbe wa neno moja, nitatii.

Nisalimie wajukuu wasionijua. Nisalimie kaburi la baba yako, mwambie kwamba Thuo wa upande wa pili wa ukuta amepiga chafya leo baada ya miaka mingi, na hana wa kumwombea afya. Na wewe mwenyewe inuka, dada yangu. Inuka kwenye kaburi lile, udongo uukung'ute magotini. Hapakuwa na deni lako pale.

Nimetia sahihi yangu hapa chini, kama mtu aliyesoma. Na kando yake utaona doa la wino wa buluu. Ni dole langu gumba, la kulia. Nimelibonyeza ili ujue kwamba hakuna mtu aliyenishika mkono.

Wako wa ukuta ule,

Dedan Thuo wa Ngigi